The Shunning: kisome kwa ajili ya mama, si mchumba

Nimemaliza The Shunning ya Beverly Lewis, riwaya ya mapenzi ya Kikristo iliyotoka 1997, na aliyenikaa kichwani si Katie wala huyo kipenzi chake. Ni Rebecca, mama aliyemlea.

Tuko Hickory Hollow, kwa Waamishi wa Lancaster, Pennsylvania, huko Marekani, Wakristo wanaoishi kikale bila anasa: magari ya farasi, nyumba zisizo na umeme, ala za muziki marufuku. Katie Lapp ana gitaa, analificha. Anakaribia kuolewa na Askofu John Beiler, mgane mwenye watoto watano, huku moyo wake uko kwa Daniel Fisher, kijana ambaye wote wanaamini alizama baharini. Mara, darini kwao, anakuta gauni la kitoto kichanga, la satini! Mwamishi gani humvisha mwanawe satini? Hapo ndipo siri ya nyumba inapoanza kufumuka, nami siimalizi hapa.

Rebecca ndiye msimulizi wa kijiji. Wanawake wakikutana kushona, humwomba hadithi. Moja tu amekaa nayo kifuani zaidi ya miaka ishirini. Lewis hakumfanya mwovu, hakumfanya malaika pia. Ni mama anayeogopa kunyang'anywa mtoto, basi, na kila alipotokea nilisoma polepole.

Mapenzi, kusema kweli, yamepoa. Askofu anatafuta mlezi wa watoto kuliko mke, na Daniel ni kumbukumbu na nyimbo tu. Utampendaje mtu ambaye hata hujamsikia akibishana?

Kutengwa, hiyo 'shunning' ya jina la kitabu, ndiko kulikoniuma. Sisi Walutheri wa KKKT tunakujua: binti anazuiwa meza ya Bwana mpaka atubu, arudishwe kundini mbele ya usharika. Ila jioni anakula na wazazi wake kama kawaida. Kwa Waamishi aliyetengwa hali meza moja na nduguze, wala hawapokei kitu kutoka mkononi mwake. Hata mama? Hata mama.

Onyo kwa mnunuzi: kitabu kinakuacha njia panda. Kurudi nyumbani kwenyewe kunasubiri kitabu cha tatu cha mfululizo huu, The Reckoning, cha 1998, kwa hiyo ukiazima, azima vyote. Kiingereza chake ni chepesi, mwanafunzi wa kidato cha tatu hatakwama.

Nyota nne. Ya tano nimemnyima Daniel.