Chingamu ya nikotini ya miligramu 4: mwaka mmoja barabarani bila sigara

Nimeendesha tela kutoka Kilindini hadi Malaba kwa zaidi ya miaka ishirini, na muda wote huo pakiti ya sigara ilikuwa mbele yangu juu ya dashibodi. Mwezi huu nimetimiza mwaka mzima bila kuvuta hata moja. Wenzangu kwenye foleni ya mzani wa Mariakani wananiuliza nimetumia dawa gani, basi wacha niieleze vizuri. Ni chingamu ya nikotini, miligramu 4, ladha ya minti. Inafanya kazi. Lakini ina masharti yake, na asiyeyafuata ataitema kabla hajafika Voi na kusema ametapeliwa.

Niliinunua kwenye duka la dawa mjini Mombasa. Yule mfamasia hakunipa tu pakiti nikaenda zangu. Aliniuliza, "Mzee wangu, ukiamka, unakaa muda gani kabla ya kuwasha sigara ya kwanza?" Nikamjibu kwamba naiwasha hata uso sijanawa. Akairudisha ile ya miligramu 2 aliyokuwa ameishika, akachukua ya 4. Kanuni ndiyo hiyo: anayevuta ndani ya nusu saa tangu aamke, mwili wake umezoea nikotini nyingi, na ile ndogo haitamtuliza. Ukifika dukani na usiulizwe, jieleze mwenyewe, maana kukosea kipimo kumewarudisha wengi kwenye moshi.

Sasa namna ya kuitumia, na hapa nawaomba msome polepole. Hii haitafunwi kama Big G. Unaitafuna taratibu mara chache mpaka uhisi ukali kama wa pilipili mdomoni, kisha unaacha, unaiegesha kati ya shavu na ufizi. Ukali ukipoa unatafuna tena kidogo, halafu unaihamishia upande wa pili. Unaendelea hivyo kwa kama nusu saa, kisha unaitupa. Nikotini yake inaingia mwilini kupitia ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ukitafuna mfululizo unaimeza pamoja na mate, na huko tumboni haikufaidii sana. Utapata kwikwi, kiungulia na kichefuchefu, na arosto, ile hamu kali ya kuvuta, itabaki palepale. Wengi walioniambia chingamu hii haina maana ni watu wa miraa. Wao wamezoea kuchanganya miraa na chingamu ya kawaida ili kupunguza uchungu, na wanatafuna usiku kucha. Ukiipeleka hii kwa mwendo huo itakuumiza bure.

Sharti lililonipa kazi zaidi ni la kahawa. Kwa robo saa kabla ya kuitia mdomoni, na wakati wote iko mdomoni, usinywe kahawa, soda, maji ya ndimu wala ya ukwaju. Vinywaji hivyo vina asidi, na asidi inaizuia nikotini kupenya. Kwa dereva wa usiku hilo ni jambo kubwa. Kahawa tungu na sigara zilikuwa pamoja kwenye kila kituo changu, na kila nilipofungua chupa ya kahawa mkono ulikuwa unatafuta kiberiti. Nikapanga safari upya. Nafika Mtito Andei, nakunywa kahawa, nazunguka gari kukagua matairi na kamba za turubai, nasukutua mdomo kwa maji, kisha naanza chingamu nikiwa naelekea Kibwezi. Huo mzunguko wa kukagua matairi ulinisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mikono ilipata shughuli.

Msitegemee kwamba itawapa ile raha ya sigara. Moshi unaifikisha nikotini kwenye ubongo kwa sekunde kama kumi tu, ilhali chingamu inapanda polepole, dakika kwa dakika. Kwa hiyo usingoje hamu ikukabe ndipo uitafute kwenye droo. Wiki sita za mwanzo tumia moja kila baada ya saa moja au mbili, hata kama unajiona uko sawa, na usizidishe 24 kwa siku. Baada ya hapo unaongeza nafasi kati ya moja na nyingine, mpaka kufikia wiki ya kumi na mbili unatumia chache sana. Mimi nilikwenda kwa mpango huo. Siku za mwanzo ndizo kali: usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, tanboi, msaidizi wangu garini, hawezi hata kukohoa bila kuniudhi. Chingamu haikuziondoa siku hizo, ila ilizipunguza makali kiasi cha mimi kuweza kukaa nyuma ya usukani bila kugombana na kila matatu.

Kuna wazee kwetu wanaogopa wakisikia neno nikotini, wanasema nimeacha sumu hii nikashika ile ile. Nimewaeleza hivi: nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kinachojaza mapafu na kuleta saratani ni lami na kemikali nyingine za moshi, nayo kaboni monoksidi inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Chingamu haina moshi. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Nayo ilianzia Sweden, kwa mabaharia wa nyambizi waliokatazwa kuvuta huko chini ya maji, wakawa wanaweka tumbaku mdomoni. Mtafiti Ove Fernö akalifanyia kazi wazo hilo kwa miaka, na Nicorette ikaanza kuuzwa Uswisi mwaka 1978. Aliyewahi kubeba mafuta anaelewa kisa hicho mara moja. Kwenye bohari huwezi kuwasha kiberiti, na ndiyo sababu wenzetu wengi wana ugoro chini ya mdomo.

Sasa malalamiko, na haya yananiuma kweli. Chingamu inauzwa pakiti nzima, na bei yake ni nzito kwa mtu anayelipwa kwa safari. Sigara unapata moja moja kwenye kila kibanda cha njiani, usiku na mchana, ingawa sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 imekataza kuziuza hivyo. Ukiishiwa na chingamu katikati ya safari, miji midogo huipati kabisa, huku sigara ikikufuata hadi mlangoni mwa gari. Hali hii imegeuzwa juu chini. Kinachoua kiko karibu na ni rahisi, na kinachookoa kimefungiwa mjini. Nunueni ya safari nzima kabla ya kutoka Mombasa, na ya kurudia pia.

Kasoro nyingine ni ndogo. Taya zilichoka wiki za mwanzo, na ladha ya minti inafifia upesi ukabaki na kitu kikavu. Mwenye meno ya bandia ataona inanata, na huyo ni bora aulizie plasta ya kubandika ngozini. Mjamzito, na yeyote aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, asiianze bila daktari. Iwekeni mbali na watoto, wao wanaona pipi.

Mwaka huu umenipa nini? Kikohozi cha alfajiri kimekwisha. Kupanda juu ya tela kufunga turubai hakunisimamishi tena katikati kutafuta pumzi. Mama watoto ameacha kuanika shati zangu mbali na nguo nyingine. Na kuna hili nisiloliona kwa macho, ambalo linanifurahisha kuliko yote: mtu akitimiza mwaka, hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inashuka hadi kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Baba yangu alikuwa mvutaji, na moyo ndio uliomchukua. Nina wajukuu wawili, na nataka kuwafundisha kuendesha.

Tanboi wangu ameianza mwezi uliopita, ile ya miligramu 2. Dereva yeyote anayejua duka la dawa linaloiuza kati ya Voi na Emali, tafadhali aniambie jina la mji na upande wa barabara lilipo, niwaambie na wengine.