TAHADHARI: Kiboksi cha "nyumba janja" kinachouzwa Tanga mjini hakipunguzi umeme

Ndugu zangu wa Tanga, hasa wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora, kuna vijana wawili wanapita nyumba kwa nyumba na kiboksi cheupe cha kuchomeka kwenye soketi. Wanadai kinaongea na LUKU kwa waifai na kwamba matumizi yatashuka nusu. Bei wanaikadiria kwa kuangalia geti lako: mmoja kauziwa elfu 45, jirani yake laki na ishirini. Msinunue.

Mimi ni fundi umeme, na wateja wameniletea viboksi hivyo nivifungue. Ndani mna kapasita (kifaa kidogo kinachopokea chaji ya umeme na kuirudisha), rezista mbili tatu na taa ya kijani. Waifai haimo, wala hakuna swichi ya kuzima chochote.

Wanachowanasia watu ni mita ya kubana waya. Wanawasha feni au friji, wanabana waya mkuu, mnasoma pamoja ampea, yaani kipimo cha mkondo wa umeme. Kiboksi kikichomekwa, ampea zinashuka kweli, na hapo mama mwenye nyumba anafungua pochi. Mita haidanganyi, ila LUKU haikutozi kwa ampea. Mota ya feni na kompresa ya friji huvuta mkondo wa ziada unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi. Kapasita inaupokea palepale soketini, kwa hiyo kwenye waya mkuu unapungua. LUKU ya nyumbani inahesabu uniti, yaani kilowati-saa, na mkondo ule haumo kwenye hesabu hiyo tangu mwanzo. Kapasita zina faida kwa wateja wakubwa kama viwanda, ambao TANESCO inawatoza pia kwa kVA, kipimo kinachohesabu na mkondo ule wa ziada. Waambieni warudie jaribio kwa pasi au jagi la umeme muone watakavyogeuza mazungumzo.

Ujanja wa pili umenichekesha, ingawa aliyelizwa hakucheka. Wanakuambia ulinganishe risiti: "Hela ile ile, uniti zimeongezeka!" Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, ya pili hayakatwi. Uniti lazima ziwe nyingi, hata ungechomeka kijiko cha mti.

Na kama umeme wako umepanda ghafla, angalia kwanza kundi la bei. Nyumba ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inauziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukihamishiwa kundi la kawaida inakuwa 292. Hilo linazungumzwa ofisi ya TANESCO, si na muuza viboksi.

Soketi janja za kweli zipo, sizipingi. Zinaokoa kwa kuzima kitu ambacho kingebaki kinawaka: kiyoyozi kilichosahaulika mchana kutwa kaskazi hii, au hita ya tangi inayochemsha maji usiku watu wamelala. Nzuri zaidi ni ile inayopima na kukuonyesha kila kifaa kinakula kiasi gani. Feni ya wati 60 haikufilisi. Hita ya bafu ya wati 5,000 inamaliza uniti nzima kwa dakika 12, na hiyo usiiunganishe kabisa kwenye soketi ya ampea 10, itayeyuka.

Vijana hawa wakishauza kiboksi wanaahidi kurudi kufunga swichi za kuwasha na kuzima kwa simu, na wanataka nywila ya waifai na malipo ya kutangulia. Usitoe. Swichi ikisajiliwa kwenye akaunti ya mtu mwingine, yeye ndiye anayewasha na kuzima nyumbani kwako, na anajua ni saa ngapi hamna mtu.

Aliyekwisha nunua akichomoe, kapasita za bei rahisi huvimba na kuungua. Tunza ujumbe wa malipo ya simu na upeleke polisi pamoja na kiboksi chenyewe. Mjumbe wa mtaa naye aambiwe. Mara ya mwisho wameonekana upande wa Mikanjuni, wamevaa fulana zinazofanana na za watu wa umeme. Waombeni kitambulisho kabla hamjafungua geti.