Uzoefu wangu: siku 7 za kurudisha gari, zinahesabiwa hata hujaliona

Naandika nikiwa bado na hasira mtanisamehe. Nimenunua IST mtandaoni kwa kampuni moja yenye yadi Dar na ofisi hapa Mwanza, jina nalihifadhi kwa sasa. Hawakunivuta kwa bei, bei zao ni zilezile tu za wengine. Kilichonivuta ni lile tangazo lao, siku 7, hujaridhika unarudisha gari unapewa hela yako.

Na nililiamini kwa sababu nilijua limetoka wapi. Mwanangu ana jezi ya Everton ya mtumba, kainunua soko la Mlango Mmoja, kifuani imeandikwa Cazoo, siku moja nikamuuliza hii ndo nini, tukasoma wote kwenye simu. Kumbe ni wauza magari wa Uingereza, Alex Chesterman kaanzisha 2018, mwishoni mwa 2019 wakaanza kuuza, unachagua gari kwenye simu kama unavyochagua kitenge, wanakuletea mpaka mlangoni, unakaa nalo siku 7 likikushinda wanalichukua. Wakapanda haraka mno, jezi za Everton, za Aston Villa, 2021 wapo soko la hisa la New York, 2024 chali, hela ilikuwa inatoka kuliko inavyoingia. Lakini jamani hata hao waliofilisika, siku zao 7 zilianza mteja akishapokea gari!

Hawa wa kwetu wanahesabu tangu gari linatoka getini Dar. Likalala Dodoma, likalala Shinyanga, siku ya tatu jioni ndo nalipokea Buzuruga. Nimekaa nalo siku tano tu, nampeleka mama Sengerema na gunia la mchele, tuko katikati ya daraja la Kigongo–Busisi gia ikagoma kabisa, injini inanguruma gari haliendi. Daraja lile ni kilomita tatu, ziwa kushoto ziwa kulia, mama ana presha, malori yanapita yanatupigia honi. Tulivutwa na Hiace ya msamaria hadi Busisi.

Kesho yake nikaenda ofisini kwao. Mlinzi getini kanipokea vizuri, "mayu karibu, pole." Ndani nakuta kijana umri wa mwanangu wa pili, shikamoo hakuna, macho kwenye simu, ananiambia "siku zako ziliisha juzi, si ulisaini?" Nikamwambia mwanangu gari nimekaa nalo siku tano. Akasema "gari ni chuma mama, chuma kinaharibika." Hilo neno halijanitoka mpaka leo, maana hela ile ni ya vikoba na dagaa wa miaka, sijaiokota.

Nilitaka niwape nyota tatu, kwa haki kabisa, maana dereva aliyelileta ni mtu mzima wa heshima, kila alipolala alinipigia, kalikabidhi limeoshwa, na gari lenyewe likitembea ni zuri sijui niseme nini, nalipenda. Fundi anasema gia boksi ilishachoka kabla haijanifikia. Basi nyota mbili, za yule dereva. Ila nikimkumbuka mama kakaa juu ya gunia pembeni ya daraja, kajifunga khanga kichwani upepo wa ziwa unampiga, hapana, moja. Hela yangu ikirudi nitakuja kubadilisha hapahapa.