GIMP 3 kwa anayehariri picha kwa kujifurahisha: inachoweza na inapogoma

Photoshop hulipiwa kila mwezi, na kwa mtu anayesafisha picha za arusi ya ndugu mwisho wa wiki, ada hiyo naiona haina maana. GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure, iko kwa Windows, Mac na Linux. Tangu toleo la 3.0 litoke Machi 2025 naipendekeza bila kusita, kwa sababu moja kubwa: zamani kichujio (athari unayoiweka kwenye picha, kama ukungu) ukishakikubali kiliingia moja kwa moja kwenye picha, basi. Sasa hubaki kwenye leya (tabaka la picha) kikiwa na alama ya fx. Unaweza kukizima, kukipunguza au kukifuta hata kesho yake, mradi umehifadhi faili la XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe.

Usianze na vichujio lakini. Anza na leya na maski (kifuniko cha leya: nyeusi huficha, nyeupe hufunua), kisha Curves, zana ya kurekebisha mwanga. Chukua picha ya saa sita mchana, uso una giza na anga ni jeupe. Rudufu leya kwa Ctrl+Shift+D. Kwenye nakala ya juu fungua Colors, Curves, ushike mstari karibu na robo ya chini na uupandishe kidogo hadi uso uonekane. Anga litaharibika, liache. Ongeza maski nyeusi na nakala yote itatoweka. Sasa shika brashi yenye kingo laini, rangi nyeupe, opasiti 30, upake usoni pole pole. Ukizidisha, bonyeza X upate nyeusi na ufute. Mtu akiliweza zoezi hili, sehemu kubwa ya kazi za picha za nyumbani ameiweza.

Malalamiko mengi ya "programu imeganda" huwa si kuganda. Brashi haipaki kitu? Mara nyingi kuna uteuzi uliosahaulika kwenye kona fulani ya picha, Ctrl+Shift+A huuondoa. Weupe unatua usoni badala ya kufunua leya? Umebofya kijipicha cha leya, si cha maski. Brashi inakatika ghafla kwenye mstari wa nukunuku za njano? Huo ni mpaka wa leya, ambayo ni ndogo kuliko picha. Kwenye menyu ya Layer chagua Layer to Image Size. Na ukifuta mandharinyuma ya JPEG ukaona rangi badala ya uwazi, leya haina alfa, yaani sehemu inayobeba uwazi: Layer, Transparency, Add Alpha Channel.

Kuhifadhi nako huwakera wengi. Ctrl+S hutoa XCF tu, JPEG hutoka kwa Ctrl+Shift+E. Mimi naona utaratibu huu ni mzuri, kwa kuwa unakulinda usiifute kazi yenye leya kwa kuandika JPEG juu yake. Ubora wa 85 hadi 90 unatosha. 100 huongeza uzito wa faili, macho hayaoni tofauti.

Kwa kuchapisha picha ya inchi 4 kwa 6 unahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani 300 kwa kila inchi. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4:3, karatasi hiyo ni 3:2. Usipokata mwenyewe kwa Shift+C ukiwa umefunga uwiano wa 3:2, mashine ya studio itakukatia, na haijali kilemba cha bibi.

Mapungufu yapo. Faili za RAW (data ghafi ya kamera) haizifungui peke yake, lazima uwe na programu nyingine kama darktable au RawTherapee, na kuziendesha mbili pamoja kwenye kompyuta ya RAM GB 4 ni mateso. Kuhariri ndani ya CMYK (mfumo wa rangi za wino wa uchapaji) hakuna, kwa hiyo anayetengeneza mabango ya kiwandani atafute kingine. Zana ya maandishi bado inachosha.

Mwenye kompyuta ya ofisini asiyeruhusiwa kusakinisha kitu ajaribu Photopea. Hufunguka ndani ya kivinjari, husoma PSD (faili za Photoshop), mpangilio wake unafanana na wa Photoshop, na picha hubaki kwenye kompyuta yako bila kupakiwa popote. Utavumilia matangazo pembeni. Hifadhi mara kwa mara: ukifunga ukurasa bila kuhifadhi, kazi imekwenda.