Wakili wa kesi za ajali hapa Malindi: nampa nyota 4, ya tano imekufa kwa simu

Haya jamani, inboksi imejaa, kila mtu ataka kujua yule wakili wangu wa ile kesi ya matatu ni mtu wa kweli ama anakula watu, basi naandika mara moja nipumzike. Ofisi iko barabara ya Lamu, ghorofa ya pili, jina niulizeni pembeni.

Kwa wasojua, mwaka juzi Ramadhani nlikuwa naenda Mombasa kuchukua mzigo wa madera, nikapanda matatu ya alfajiri, kufika Msabaha dereva akataka kupita lori na mbele yuaja lori jengine, kilichofuata msinikumbushe. Mkono wa kushoto ukavunjika mahali pawili.

Siku ya pili niko wodini akaja bwana mmoja na faili, mpole huyo, soda mkononi, pole mama, nimetumwa na mwenye gari, hii hapa 20,000 ya dawa weka sahihi tu hapa chini tumalizane kama majirani. Wallahi kalamu nshaishika. Wifi yangu ndo alomnyang'anya ile karatasi akaisoma, kumbe imeandikwa nimelipwa nimeridhika na sitadai tena chochote kuhusu ajali hiyo, na hapo plasta hata haijakauka! Wiki tatu baadaye daktari akasema mfupa haujakaa sawa itabidi nitiwe chuma, na operesheni yenyewe ilipita hiyo 20,000 mbali kabisa. Kwa hivo huyo wifi yangu mnamwona hivo na mdomo wake, mimi simgusi.

Nikatoka hospitali, getini kuna broka anijua mpaka jina la baba yangu. Ati ana wakili wake Mombasa, silipi hata shilingi, pesa zikitoka nusu kwa nusu, nimpe tu abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha ajali ilitokea, orijino. Sikumpa, si kwa akili, ni vile ilikuwa kwa mume wangu.

Sasa huyu wangu. Siku ya kwanza nlijiandaa kulia mbele yake, hata hakunipa nafasi, ataka karatasi. Namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, unayo? Abstrakti? P3, fomu ya polisi ya majeraha, imejazwa na daktari? (P3 yenyewe kituoni ni bure, mkiambiwa vyengine ulizeni vizuri.) Karatasi za matibabu tangu siku ile ile ya ajali, filamu za eksrei, picha ya gari na ile stika ya bima kiooni. Akaniuliza risiti za tuktuk za kwenda kliniki, mimi nikacheka, tuktuk gani Malindi yatoa risiti? Akanambia lipa kwa M-Pesa, ujumbe usifute. Manake kumbe iko hivi, pesa ya maumivu hakimu huikadiria mwenyewe akiangalia kesi zengine za majeraha kama yako, lakini pesa uliyotumia wewe lazima uitaje kwenye madai shilingi kwa shilingi na uilete karatasi yake, huna karatasi huna pesa. Mimi nlimlipa mganga wa mifupa Gongoni 6,000 na jogoo. Hazikurudi, wala jogoo.

Kitu chengine sikukijua, unayemshtaki si kampuni ya bima, ni mwenye gari na dereva wake, bima inakuja kulipa nyuma yao na lazima ipelekewe notisi ya kesi mapema, mukichelewa wana njia ya kuponyoka. Na mwenye gari si yule unayemwona stejini akihesabu pesa, matatu huuzwa mkono kwa mkono bila kubadilisha jina, kwa hivo wakafanya msako wa NTSA, wale wa serikali wanaosajili magari, nlilipa 550, likatoka jina la mtu hata hatumjui. Ungemshtaki yule wa stejini ungebaki unazunguka tu.

Muda ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari ikiwa ya serikali ni miezi 12 tu, nasema hivi kwa sababu jirani yangu aligongwa na lendikruza ya serikali na akalala, alipoamka saa zishapita. Na msidhani bima ni kisima, sheria yailazimu kufika milioni 3 kwa mtu mmoja, ikizidi hapo wamfuata mwenye gari mwenyewe.

Habari ya ada alinieleza wazi, ile ya broka ya hulipi mpaka ushinde sheria ya mawakili hairuhusu, kwa hivo nililipia ripoti ya daktari na ada za korti kwanza, polepole, hakunibana. Kabla sijalipa mwanangu alimtafuta kwenye tovuti ya LSK, chama cha mawakili, kuona leseni ya mwaka ule ipo, ilikuwepo. Fanyeni hivo, ni dakika mbili.

Alafu aibu yangu. Katikati ya kesi kukawa na harusi Mambrui, mimi na vugo, ile ngoma yetu wanawake ya kupiga pembe, mnanijua, nikapiga pembe mpaka nikasahau mkono, binamu akaposti. Tukaitwa kwa daktari wa upande wa bima nipimwe tena, na ile picha wanayo! Wakili alinichambua siku hiyo nusura nilie. Akasema usidanganye mkono umekufa na usicheze kama haujavunjika, sema ukweli ulivyo, unauma ukinyanyua ndoo hauumi ukipiga pembe. Nikasema hivo hivo kortini. Wakaniuliza pia mkanda kama nlivaa, nikajibu la, haukuwepo kwenye kile kiti.

Sasa ile nyota nilomkata. Simu hawashiki! Miezi kumi kimya, tarehe ya kesi yangu nliisikia kwa mzee mmoja aliyekuwa korti kwa kesi yake ya shamba, kaona jina langu ubaoni. Ukienda ofisini benchi ni moja, feni ni ya maonyesho, wakili yuko kortini siku zote. Aliyeniokoa ni karani wake, kijana mtulivu wa Maweni, ajua kila faili iko wapi bila kufungua kompyuta, huyo peke yake nampa nyota 6.

Mwisho nikapata laki tatu na themanini na kitu, ikapitia akaunti ya wakili, akanipa karatasi ya hesabu hii yako hii yangu hii ya korti, nikaihesabu pale pale mbele yake na hakununa. Kuna wenzangu wa gari lile lile walipewa pesa taslimu kwenye bahasha bila mstari wa maandishi na mpaka leo hawajui walilipwa ngapi.

Mukienda bebeni kitambulisho na kopi za kila kitu, orijino msiziache bila kuandikiwa kuwa wamezipokea. Nendeni asubuhi kabla hajaenda kortini, na Ijumaa ikishafika saa sita kasoro hapana mtu pale.