Fundi wa kudarizi, Masasi: herufi kumi safi, njiwa kama kifaranga

Mwezi uliopita mjukuu wangu alibatizwa, akapewa jina langu, Skolastika. Kitambaa cheupe cha ubatizo nikasema nitashughulika nacho mwenyewe, somo yake. Nikakipeleka kwa kijana mmoja anayedarizi kwenye kibaraza nyuma ya stendi ya Masasi.

Bei yake shilingi 500 kwa herufi. Alipohesabu kumi akanihurumia: "Bibi, si tuandike Skola tu? Hela inabaki nusu." Nikamwambia Skola ni la kuitiwa uani, kitambaa kinataka jina zima. Akauliza maana yake, mguu uko kwenye cherehani. Nikamweleza: ni la Kilatini, mtu wa masomo, na Walatini walilitoa kwa Wagiriki, ambao schole kwao ilikuwa nafasi ya kupumzika, kisha ikawa ya kufundishana. Neno hilohilo Wajerumani wakaliita Schule, sisi tukasema shule. Akacheka mpaka uzi ukakatika: "Kumbe bibi ndiyo shule!" Na mimi niliishia darasa la saba.

Huku akina Skolastika tupo wengi kwa ajili ya Wabenediktini wa Ndanda, watawa wa Mtakatifu Benedikto, waliofika pale 1906. Mtakatifu Skolastika mwenyewe ni dada yake huyo Benedikto. Papa Gregori Mkuu anasimulia walivyokutana mara ya mwisho: usiku umeingia, kaka anataka kuondoka, dada akasali, ikashuka mvua ya radi, wakazungumza mpaka asubuhi. Siku ya tatu dada akafa, kaka akaiona roho yake ikipaa mfano wa njiwa. Sikukuu yake 10 Februari, na kwetu huo ni mwezi wa mvua kweli.

Ndiyo maana niliomba na njiwa. Hapo sasa! Wa kwanza alikuwa kifaranga, mdomo wazi, anadai pumba. Kijana akafumua bila kununa wala kuongeza hela, na wa pili ana mabawa yanayoeleweka. Ila matundu ya sindano yamebaki, ukikiinua juani unayaona.

Herufi sina neno nazo. Uzi wa bluu, nimeshaufua mara mbili kwa sabuni ya mche, haukuchuja. "Kesho saa nne" yake ilikuwa keshokutwa jioni.

Nyota nne. Mkienda, bebeni picha ya njiwa kwenye simu.