Uzoefu wangu: kusomea urefa wa gofu na kujitolea kwenye mashindano (nyota 4 kati ya 5)

Niseme ukweli, mi sikuingia kwenye urefa wa gofu kwa mapenzi, niliingia kwa hasira. Siku moja mashindanoni mpira wangu ulitumbukia kwenye bwawa lenye vigingi vyekundu (alama za eneo la adhabu), nikaenda mpaka pale nilipouona unazama, nikapima urefu wa fimbo mbili, nikadropu (yaani kuuangusha mpira kwa mkono), nikapiga zangu. Kumbe unapimia pale mpira ulipokata mpaka wa lile eneo mara ya mwisho, na hapo palikuwa nyuma huko hatua sita saba. Refa akanipa mikwaju miwili ya adhabu (mkwaju ni pigo moja, na mwenye machache ndo mshindi) ya kucheza kutoka mahali pasipo sahihi, juu ya ule mmoja wa kutoka majini. Nilibishana naye mpaka wenzangu wakaona aibu. Nikafika nyumbani nikafungua kitabu ili nikamkamate kwa ushahidi, nikasoma, nikarudia kusoma, nikakuta yule bwana yuko sahihi mwanzo mwisho.

Basi ndo nikaanza kusoma, kusoma kukaleta kozi, kozi ikaleta kusimama juani na redio kiunoni, na huu ni msimu wa pili. Watu wananiuliza sana kama inafaa, ngoja niandike yote hapa.

Kwa asiyejua, kanuni za gofu dunia nzima zinatungwa na vyombo viwili, R&A walioko St Andrews kule Uskoti na USGA wa Marekani, na kitabu ni kimoja. R&A mafunzo yao yana ngazi tatu. Ya kwanza unasoma mtandaoni bila malipo, ya pili inafundishwa darasani na chama cha gofu cha nchi, ya tatu ndo ya wakubwa, wanaokwenda kuchezesha mashindano mazito. Mi nimemaliza mbili.

Ngazi ya kwanza sina neno nayo. Picha zipo, video fupi zipo, maswali yapo, unaenda kwa mwendo wako, ukikosea unarudia. Kama unacheza gofu na hutaki hata kusikia habari za urefa, isome tu hiyo, itakuokolea mikwaju mingi kuliko kununua fimbo mpya. Halafu pakua na programu yao ya kanuni kwenye simu, ni ya bure, mi naitumia mpaka leo kuliko kitabu chenyewe.

Ila ngazi ya pili sasa! Hapo ndo niligundua kwamba miaka yote nilikuwa nasoma kile kitabu vibaya. Kuna maneno yameandikwa kwa herufi za mlalo, mi nilidhani ni mapambo, kumbe kila neno la namna hiyo lina maana yake maalum nyuma ya kitabu na usipoijua unapotea. Chukua mfano wa mpira uliopotea karibu na bwawa. Mchezaji atakuapia umeingia majini, "ungeenda wapi kwingine?" Lakini kitabu kinataka iwe inajulikana au karibu hakika, na hiyo karibu hakika wameipa kipimo kabisa, angalau asilimia 95. Sasa kama pembeni ya bwawa kuna majani yanafika magotini, asilimia 95 unaitoa wapi? Huo ni mpira uliopotea, rudi ulikotoka upige tena na mkwaju mmoja wa adhabu juu. Mwalimu wetu alitukalisha karibu saa nzima kwenye hilo neno moja, na niseme ndo saa bora ya kozi yote.

Mtihani wetu ulikuwa na sehemu mbili, moja kitabu kimefungwa, nyingine kitabu wazi. Watu wakisikia kitabu wazi wanacheka, subiri ukae pale. Swali lina mistari minne, mchezaji amefanya makosa matatu ndani yake, moja halina adhabu, lingine limemezwa na kosa kubwa zaidi, na saa ya ukutani inakimbia. Nilifaulu lakini sikufaulu kwa kishindo.

Kwa nini sijatoa nyota tano? Kwanza siku mbili kwa kanuni 25 hazitoshi, kufika mchana wa siku ya pili mwalimu alikuwa anakimbiza slaidi kama mtu anayewahi basi, na zile za mwisho zinazohusu kamati na kutoa maamuzi, yaani ndo kazi yenyewe ya refa, zikapita mbio mbio. Pili tarehe ilibadilishwa mara mbili na mara ya pili tuliambiwa jana yake. Tatu, na hili ndo kubwa kwangu, mazoezi ya kuongea na mchezaji yalikuwa nusu saa tu. Nusu saa! Wakati uwanjani kanuni zenyewe unazifungua kwenye simu dakika moja zimeisha, kinachokuangusha ni yule mtu aliyesimama mbele yako amekunja uso, kedi wake (mbeba fimbo) anakuangalia, na kundi la nyuma limeshafika kwenye tii, pale shimo linapoanzia.

Ngoja nieleze lililonikuta mechi yangu ya pili tu.

Shimo la 11, kuna kabarabara ka vigari kanapita kulia kwa feawei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea shimoni. Mpira wa jamaa uko katikati ya hiyo barabara, anapiga kwa mkono wa kulia. Kushoto kwa barabara kuna vichaka, kulia kuna nyasi safi zimekatwa. Ananiita, "Kaka refa, naomba dropu ya bure." Nikasema sawa, unayo. Akaokota mpira, akaniuliza kwa upole kabisa, "Nadropu hapa eeh?" huku anaonyesha kulia. Na mi nikiangalia hivi kwa macho naona kulia na kushoto ni sawa tu, nikamwambia dropu. Akadropu, akapiga mpira mzuri sana, ukakaa kwenye grini (zile nyasi laini zinazozunguka shimo), akanishukuru, akaenda zake. Nikajiona mtu.

Sasa shida iko hapa. Ukiwa umetazama shimo, anayepiga kwa mkono wa kulia anasimama kushoto kwa mpira. Akihamia kushoto ya barabara, mpira ukivuka ukingo kidogo tu miguu yake tayari iko nje. Akihamia kulia, lazima mpira uende mbali zaidi ili na miguu nayo itoke kwenye lami. Kwa hiyo sehemu ya karibu kabisa ilikuwa kushoto, kwenye vichaka, na kanuni haisemi sehemu nzuri, inasema sehemu ya karibu. Ukikuta kichaka ni chako, au ucheze mpira pale pale barabarani ulipo, maana dropu ya bure si lazima uichukue.

Nilikuja kuligundua mashimo matatu baadaye, mwenyewe, nimekaa kwenye kigari nasubiri. Jasho likanitoka. Nikampigia redio mkuu wa marefa, mama mmoja mtu mzima ameifanya hii kazi miaka mingi, akaja na kigari chake, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akaniuliza, "Wewe ndo ulimwonyesha kulia?" Nikamwambia ndiyo mama. Akasema, "Basi mwanangu, mchezaji hana kosa, amefuata refa. Na tumeshachelewa kurekebisha, uamuzi unabaki ulivyo." Na ni kweli imeandikwa, uamuzi wa refa ukigundulika ni mbovu unarekebishwa kama bado inawezekana, kama haiwezekani tena unasimama. Yaani jamaa alikula nyasi safi kwa uzembe wangu na wale wengine mashindanoni hawakujua chochote. Usiku sikulala vizuri.

Yule mama akaniachia kitu kimoja ambacho kozi haikunipa. Akaniambia mchezaji akikuita usimjibu, muulize. Nini kimetokea? Mpira uko wapi? Unataka kufanya nini? Na kabla ya yote mwambie asiokote. Maana akishaokota kwa ajili ya dropu halafu akaona anakopelekwa ni kichakani na akabadili mawazo, kuurudisha pale ulipokuwa kunamgharimu mkwaju mmoja. Siku hizi neno langu la kwanza nikishuka kwenye kigari ni "subiri kwanza, usiuguse", hata sijasalimia. Wengine wananiona sina adabu.

Kitu kingine ambacho hukitegemei ni kanuni zilizokufa. Mwaka 2019 kitabu kilifumuliwa, kanuni zikatoka 34 zikawa 24, na 2023 ikaongezwa ya 25 ya wachezaji wenye ulemavu. Lakini nenda uwanjani leo utakuta mtu anadropu kutoka begani kama zamani, inabidi umwambie ni gotini kaka, rudia, haina adhabu maana hujaupiga. Mwingine atakwambia mpira ukigonga bendera ukiwa kwenye grini ni mikwaju miwili, hapana, siku hizi bendera unaiacha shimoni ukipenda na ukiigonga poa tu. Na kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano.

Hizo dakika tatu bwana. Saa inaanza mchezaji au kedi wake anapoanza kutafuta, si wewe refa unapofika. Niliwahi kusimama na saa mkononi, kijana mmoja mdogo tu, anacheza vizuri ajabu, mpira wake umeingia porini na hakupiga mpira wa akiba (wa pili, endapo wa kwanza utapotea) pale tii. Tunatafuta wote, na mi natafuta, maana refa si polisi. Nikasema "muda umeisha". Kama sekunde kumi baadaye kedi akapiga kelele, "huu hapa!" Ulikuwa ule ule, una alama yake ya kalamu. Yule kijana alinitazama tu, hakusema kitu, akageuka kurudi tii mwendo wote ule na kundi la nyuma linamwangalia. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni meza ya kurudisha kadi za alama, na wengi hawataki kupangiwa pale kwa sababu hakuna kigari wala nyasi. Pale ndo unaona umuhimu wa saini. Kozini walitupa mfano wa mchezaji Roberto De Vicenzo, mashindano ya Masters ya 1968, mwandishi wa alama zake Tommy Aaron alimwandikia 4 kwenye shimo la 17 wakati alipata 3, yeye akasaini bila kukagua, alama ya juu ikabaki na akakosa kuingia kwenye mchujo wa kuamua mshindi na Bob Goalby. Na mpaka leo iko hivyo, ukisaini shimo lina mikwaju mingi kuliko uliyopiga inabaki hiyo hiyo, ukisaini michache kwa kawaida unatolewa kabisa. Kujumlisha ni kazi ya kamati, wewe jukumu lako ni namba ya kila shimo. Kwa hiyo mtu akija mezani anaongea na simu huku anasaini, mi namwambia kaa chini, soma shimo kwa shimo, sina haraka. Mwezi uliopita mmoja alikaa akasoma, akagundua shimo la 6 limeandikwa pungufu ya mkwaju mmoja. Alininunulia soda.

Malipo? Hakuna, unajitolea. Unapata kofia, shati, chakula cha mchana kama hawajakusahau huko shimo la 15 (nimesahauliwa mara mbili), na unaona gofu kwa karibu kuliko mtazamaji yeyote. Siku ni ndefu mno, unafika giza halijaisha ili kuzungukia uwanja, kuangalia vigingi na kupiga mistari kwenye sehemu zinazotengenezwa, na unaondoka kundi la mwisho likishasaini. Saa nyingi hufanyi chochote kabisa. Unakaa unaangalia nyasi. Kama wewe ni mtu wa kuchoka haraka na ukimya, au unataka kuonekana, hii kazi itakuua, maana siku refa amefanya kazi nzuri hakuna anayekumbuka kwamba alikuwepo.

Wanaotaka kuanza, vaeni viatu visivyopitisha maji maana umande wa alfajiri hauna huruma, mbebe saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, kwenye simu unabonyeza bonyeza mpaka muda unapita. Na kanuni za ndani za mashindano zisomeni usiku uliotangulia, siyo asubuhi. Kuna viwanja vinaruhusu mpira uliopotea kudropiwa mbele kwa mikwaju miwili badala ya kurudi tii, na mashindano makubwa kwa kawaida hayaruhusu, na mchezaji aliyezoea ya klabuni kwake atakubishia kwa kujiamini mpaka na wewe uanze kujishuku. Usijishuku, fungua simu umsomee, mbele yake. Mwanzoni niliona aibu kufungua, nikidhani wataona sijui.

Jumamosi ijayo wamenipangia shimo la 10 mpaka la 12, uwanja ule ule. Vichaka vya pale 11 nasikia bado havijafyekwa.